Daku la Kwenda Kupima Damu

Mama yangu alikuwa na presha tangu mimi sijaolewa, na aliishi nayo kama anavyoishi mtu na mke mwenzake: hawapendani, lakini wamezoeana. Alikaa Michenzani, ghorofa ya juu kabisa. Ngazi zile alizipanda na kapu lake la sokoni, akipiga soga kila mlango. Mimi na mume wangu tulikuwa tumejenga Mbweni, nje ya mji, tuna chumba kitupu, na kila nikimwona mama amesimama katikati ya ngazi anavuta pumzi, roho inanidunda. Nilitaka ahamie kwangu. Yeye hataki hata kusikia.

"Mbweni kuna nini?" akinambia. "Mtu unashinda kutwa hujagombana na mtu."

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza alipokuja mjini daktari mmoja mwanamke kutoka bara, akitafuta wanawake wenye presha ya muda mrefu. Nilimpeleka mama, naye daktari akatueleza kwamba moyo ukianza kulemewa, hata kabla mwenyewe hujasikia maumivu, humwaga kitu fulani kwenye damu, na kitu hicho hupimika.

"Kumbe moyo unasengenya!" mama akasema. "Haya, wangu mpimeni. Wangu una adabu."

Hapo hapo tukapatana. Moyo wake ukionekana umeanza kuumia, atahamia Mbweni bila ya ubishi. Ukiwa mzima, mie nifunge mdomo. Nikasema nami nitapimwa, asije akaona anaonewa peke yake. Nilikuwa na presha yangu niliyoipata kwenye mimba ya pili, lakini nikiihesabu kama mafua tu, na vidonge vyake nikivimeza siku kichwa kikiniuma.

Kwa kuwa wangepima na sukari na mafuta, nesi alituagiza: "Kesho asubuhi mje mmefunga."

Asubuhi nikafika tumbo linanguruma. Mama nilimkuta keshakaa kwenye benchi, amejifunga kanga mpya, uso unamng'ara.

"Shikamoo, bi mkubwa," nesi akamwamkia. "Umefunga?"

"Marahaba. Nimefunga, alhamdulillahi."

"Hujala kitu tangu jana?"

"Nimekula daku."

"Daku?"

"Sasa nifunge bila ya daku, mwanangu? Nimekula wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikashushia chai ya maziwa. Nshamaliza kabla ya adhana. Na nia nshatia."

Nesi alijizuia, akajizuia, ikamshinda; akakimbilia nyuma ya pazia na huko tukamsikia anakwenda mbio na kicheko chake. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na njaa ile!

"Mnaicheka ibada?" mama akauliza.

Daktari naye alipoelezwa alivua miwani akafuta macho. Akasema damu ya moyo haijali daku, ichukuliwe leo leo. Ya sukari na mafuta arudi siku nyingine. Lakini mama hakutoa mkono. Kwanza alitaka kujua kama kutolewa damu kunabatilisha saumu. Benchi zima likageuka darsa: huyu anasema inabatilika, yule anasema ni makuruhu tu, mwengine anamtaja babu yake aliyekuwa akipigwa chuku, akitolewa damu kwa pembe, mchana wa Ramadhani. Mama aliwasikiliza wote, akachagua jibu lililompendeza, akakunja mkono wa nguo.

Siku za kusubiri nilizipitisha kwa raha. Nilikuwa na hakika. Nilipaka chumba chokaa, nikashona na mapazia ya maua, nikamtafutia na jirani mgomvi.

Tulipoitwa, tuliingia pamoja.

"Bi mkubwa, moyo wako mzima," daktari akasema.

Mama alipiga kigelegele mle mle chumbani. Akasimama, akatia na kiuno kidogo, nesi akampigia makofi. Mimi nilikuwa nayawazia mapazia yangu daktari aliponigeukia.

"Wewe ndiye," akasema. Kile kitu kimeonekana katika damu yangu. Moyo umeanza kulemewa. Ni mapema, dawa zipo, chumvi nipunguze, vidonge nimeze kila siku. Akarudia: ni mapema.

Niliogopa. Na bado kicheko kilikuwa kimenikaa kooni, maana mtu aliyekuja kumhamisha mwenziwe ndiye mgonjwa. Nikamtazama mama nikitaraji atanicheka, na kabla ya magharibi Michenzani nzima itakuwa imeshapata habari.

Hakucheka. Alinishika kiganja, akaniuliza kama nimekula.

Nesi akaja kumpima mama presha mara ya pili kabla hatujaondoka. Akapima, akakunja uso, akapima tena.

"Bi mkubwa, mbona imepanda hivi? Sasa hivi tu ulipoingia ilikuwa nzuri."

"Hiyo si yangu," mama akasema, hajaniachia mkono. "Hiyo ya mwanangu."