Noeli ya Majembe

Niliondoka Lizaboni, mtaani kwetu Songea, kwa sababu ya redio. Mwanangu Kastori aliinunua serikali ilipofungulia biashara, redio ya kaseti yenye spika mbili, kila moja kubwa kama kinu. Akaiweka sebuleni pale mzee wangu, baba yake, alipokuwa anakaa. Mimi sikukuu siikatai. Tumepanga foleni ya sukari na sabuni miaka mingi, acha watu nao wanywe soda. Lakini wiki nzima kabla ya Noeli nyumba ilikuwa ngoma juu ya ngoma, kreti zimejaa ukumbini, wake za wanangu wanagombea magauni ya mitumba. Jina la Yesu sikulisikia hata mara moja, isipokuwa Kastori alipojigonga kidole na nyundo.

Tena nilikuwa na jambo langu. Tangu tumzike mzee wangu wakati wa mavuno, sala ilikuwa hainitoki. Nashika rozari, midomo inakwenda, moyoni kumelala. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Tulikuwa hatusemeshani tu, kama majirani waliogombea mpaka wa shamba. Nikaamua: nakwenda Hanga kwa watawa, kwenye utulivu. Nisiposikia kitu kule, sitasikia tena popote.

"Mama, unatuacha siku ya Krismasi?" Kastori akaniuliza.

"Nimewaachia redio," nikamjibu. "Itawalea."

Mkesha wa Noeli, asubuhi, nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja liendalo Tunduru, linishushe njia panda ya Hanga. Nilikaa juu ya magunia ya chumvi, mwavuli mkononi. Lami ilipokwisha mvua ikaanza, na barabara ikawa uji. Wenzangu waliimba kwanza, baadaye wakanyamaza, mwisho wakaanza kumlaumu dereva kana kwamba yeye ndiye anayenyesha.

Adhuhuri lori lilizama mpaka ekseli. Utingo akashuka, akazama naye mpaka magotini, akatuangalia juu.

"Dakika mbili tu, bibi zangu."

Dakika za utingo nazijua, mtu anaweza kuotesha mhogo na kuuvuna. Nikashuka na kikapu changu. Watu wa kijiji cha karibu walikuja, wakasukuma, wakachimba, wakaweka matawi, likazidi kuzama. Dereva akasema hapa mpaka trekta ipatikane. Basi abiria tukagawiwa kwa wenyeji.

Jioni hiyo mimi niliangukia kwa Bi Zainabu, Myao wa Tunduru, Mwislamu, aliyekuwa na shamba pale. Mume wake alikuwa kwao kwenye korosho. Alinipokea mlangoni akiwa ameegemea fimbo, mguu mmoja umevimba na kufungwa khanga, kwa kuwa aliteleza mtoni.

"Shikamoo, maana naona mvi zako zimezitangulia zangu."

"Marahaba."

"Wewe ni Mngoni?"

"Mngoni."

"Mkuki umeuacha wapi?"

"Nimekuja kwa amani."

"Mngoni kaja kwa Myao kwa amani!" Akapiga makofi, maana Wangoni na Wayao ni watani wa tangu enzi za vita. "Basi kweli Krismasi imefika."

Tulikula ugali na majani ya maboga. Nikamwuliza mbona shamba lake limejaa majani na wenzake wote wamekwisha kupanda. Akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Mbegu iko ndani, mvua iko nje, mguu umekaa katikati. Zikipita siku chache tena, mwakani nitakula hadithi."

Nilikuwa na haja zangu mwenyewe, nikalala nikiwaza Hanga na namna ya kufika.

Asubuhi ya Noeli iligongwa ringi ya gari, ndiyo kengele ya kigango chao, kanisa dogo la kijiji. Nikavaa, nikaenda. Nilipofika nilisimama nikakunja uso. Watu walikuwa wanaingia na nguo zao nzuri, lakini kila mmoja anaegemeza jembe ukutani kwanza! Wanaume, wanawake, wasichana wenye viatu vya mchuchumio. Nikamfuata katekista wao, Gaspari, mtu mwembamba mwenye koti la kuazima.

"Katekista, majembe siku ya Noeli? Amri umeisahau, au hapa hamkuletewa?"

"Tuliletewa, mama. Ingia kwanza usali."

Ibada ilikwenda vizuri, padre hakuwepo kwa sababu ya mvua. Mahubiri yalikuwa mafupi, nikayapenda kwa hilo. Gaspari alisema: "Mungu hakututumia salamu. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye tope letu." Kisha badala ya kutuaga akasema, "Sala ya kumalizia tutaisali kwa Bi Zainabu." Wote wakatoka, wakachukua majembe.

Ndipo mama mmoja akanieleza. Pale kwao Noeli huangukia msimu wa kupanda. Kwa hiyo kabla nyama haijaguswa, kigango kinalima shamba la mtu asiyejiweza mwaka huo, awe wa dini yoyote. Mpaka litakapokwisha, ibada haijafungwa.

Tulipofika kwa Bi Zainabu, mimi nilikaa kwenye kinu kilicholazwa, mikono nimefumbata. Sikulelewa hivyo. Bi Zainabu alikuwa mlangoni anakoroga togwa, akaniona.

"Jamani, njooni mwone! Mngoni ameogopa jembe!"

Watu wakacheka mpaka Gaspari. Mtoto wa watu anitukanie kabila mbele ya kadamnasi? Nikavua viatu, nikafunga khanga kiunoni, nikadai jembe. Nikashika tuta la pembeni, tena refu, ili waone.

Nusu ya tuta mgongo ulikuwa unawaka. Wasichana walishanipita, wameacha viatu vya mchuchumio mtaroni, wanaimba nyimbo za Noeli na kunicheka. Nikawa nasema peke yangu: "Baba, nitie nguvu nifike mwisho wa tuta hili, Myao asinicheke. Na mvua uishike kidogo. Na mzee wangu, huko aliko, kama hana jembe mpatie, hajui kukaa bure."

Nikasimama. Nilikuwa naongea na nani?

Tangu mavuno sikuwa nimemwambia Mungu neno la moyoni, na sasa nilikuwa nampa maagizo kama mtu wa nyumbani. Nililia kidogo, nikajifuta kwa mkono wenye udongo, nikamaliza tuta langu. Mbegu zikaingia. Gaspari akafunga ibada tumesimama kwenye tope, na Bi Zainabu akaitikia dua yetu kwa namna yake. Ndipo tukala.

Siku iliyofuata trekta ilikuja ikatuvuta. Dereva akapata habari kwamba daraja la mbele limesombwa, akageuza kurudi Songea. Hanga sikufika.

Nyumbani redio ilikuwa inapiga vilevile. Sikumwambia mtu aizime. Niliyojifunza si mengi, nami niliishia darasa la pili. Kelele hazikuwa zimemzuia Mungu kunisikia. Nilikuwa nimekaa tu, namngoja aje kunihudumia.

"Mama, watawa wamekuombea?" Kastori akauliza.

"Jirani yetu Mama Anjela, mumewe bado amelazwa?"

"Bado."

"Shamba lake limelimwa?"

"Nani alime? Watoto wadogo."

"Kesho alfajiri nataka majembe yote ya nyumba hii mlangoni, na wenye majembe nyuma yake."

"Mama! Sikukuu haijaisha!"

"Ndiyo maana nakuambia."