Jina la Mwenye Nyumba Wetu

Juzi nilikuwa na shughuli Stratford, nikasema ngoja nipite mtaa wetu wa zamani. Lo! Mtaa gani? Pale palipokuwa na safu ya nyumba za matofali yaliyopigwa na moshi, pamesimama jengo la vioo, na mlangoni yupo kijana wa ulinzi aliyeniuliza namtafuta nani. Nimjibu nini? Kwamba namtafuta bibi yangu, aliyekufa kabla hata mama yake yeye hajazaliwa? Nikamwambia nimepotea njia, nikarudi zangu stesheni. Tangu siku hiyo sina raha, ndugu yangu, na nakueleza wewe kwa sababu nyumbani kwangu nikianza mambo haya kila mtu anashika simu yake.

Tulifika Landani miaka michache baada ya Mapinduzi, mie na bibi mzaa baba. Mama alishafariki. Babu walikuja kumchukua nyumbani, Unguja, alasiri moja, watu waliosema wanamtaka kwa maswali mawili matatu tu, atarudi. Hakurudi, na kaburi lake hatujaonyeshwa mpaka leo. Baba alikuwa ametangulia huku, kapata kazi ya reli za chini ya ardhi, kapanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya bi kizee mmoja wa Kiingereza.

Nyumba ile naikumbuka kwa harufu zake. Chini kwa bi kizee kulinuka nta ya kung'arishia meza na kabichi ya kuchemsha. Juu kwetu kulinuka mafuta ya taa ya hita, na mafuta ya nazi. Kila asubuhi kabla ya skuli bibi alinikalisha mbele ya hita akanipaka miguu mafuta ya nazi, maana baridi ilinipasua ngozi mpaka damu, na huku anapaka ananisomesha nasaba. Mie mwana wa fulani, mwana wa fulani, mpaka baba wa saba. "Sema!" Nasema. Nikikosea, anarudi mguu wa kwanza na kuanza upya. "Sema tena, usije ukanitia aibu kwa wenyewe." Wenyewe ni hao marehemu. Mmoja alikuwa fundi milango, mwingine mkwezi wa minazi, mwingine akisomesha chuo cha Kurani na viboko vyake vilijulikana mpaka mtaa wa pili. Basi. Hadithi zao ziliishia hapo. Hakuna aliyewachora wala kuwapiga picha.

Jumapili baba akienda Wembley, kwenye duka la Muhindi mmoja wa Mombasa, akarudi na muhogo na papa mkavu. Papa akiingia sufuriani nyumba nzima inajua. Bi kizee akifungua madirisha yote, baridi ile, akakaa na koti lake sebuleni, asilalamike. Alikuwa mwema yule mama, nikwambie ukweli. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kwangu leo.

Sasa jina. Kwetu unajua mambo yalivyo: mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, yamekwisha. Baba alipofika peke yake, ofisini wakamuuliza jina la familia, naye akafikiri kama ambavyo mtu wa Unguja yeyote angefikiri. Kwetu mgeni hujulikana kwa mwenyeji wake. Ukiingia mtaa wa watu unaulizwa wewe wa nyumba ya nani, unamtaja aliyekupokea, unapewa njia. Kwa hiyo akaitaja familia iliyompokea: Hathermoor. Karani akaandika. Baba akatoka pale amefurahi, eti Waingereza nao wana adabu, wanauliza mwenyeji! Alipokuja kufahamu kafanya nini, jina lilikuwa limeshaingia kazini, hospitali, kila pahala, na sisi tulipofuata tukaandikwa hivyo hivyo.

Bi kizee alipopata habari hakukasirika. Wapi! Alifurahi mpaka akatoa machozi. Hakuolewa, hakuzaa, kaka yake wa pekee alikufa vitani, na jina la mababu zake lilikuwa likingojea yeye afe nalo life. Mara anatokea mtoto wa Kizanzibari, miguu inameremeta nazi, na skuli anaitwa Hathermoor. Akaanza kuniita chini kila Jumamosi. Tulikuwa tunasugua shaba, mie na yeye, vipini vya milango na vinara, na huku tunasugua ananieleza picha zilizopangwa ukutani. Huyu aliyevaa chuma alikwenda Ufaransa na mfalme wake, akarudi bila sikio. Huyu askofu alikataa kubadili dini, wakamchoma moto, na inasemekana aliwaombea dua waliowasha kuni. Huyu mwanamke alipanda waridi ambalo mpaka leo lina jina lake. Huyu mnene alikuwa na mashamba ya miwa visiwani, na hapo bi kizee alikohoa kidogo tukahamia kwa anayefuata. Wa mwisho alikuwa kapteni wa manowari, macho ya buluu, mkono kiunoni. Mtoto gani hatapenda? Kwa bibi nilipata majina matupu na mafuta, kwa bi kizee nilipata farasi na panga na biskuti juu yake.

Ikaja Idi. Bi kizee, kwa wema wake, akamkaribisha bibi chini kunywa chai. Bibi alivaa kanga mpya, akachukua sahani ya vileja alivyooka mwenyewe, nami nikafuata kuwa mkalimani. Wakakaa, wakachekeana, mambo mazuri. Kisha bibi akainua macho. Chini ya yule kapteni ilikuwepo picha ndogo iliyochorwa kwa rangi ambayo sikuwahi kuitilia maanani: pwani, majumba meupe, moshi.

"We!" bibi akasema, akasimama na kikombe mkononi. "Hapa si Forodhani hapa? Hili si jumba la Sultani? Kwetu hapa! Muulize, nani kamletea kwetu?"

Nilikuwa sijamwona bibi amefurahi hivyo tangu tufike. Nikauliza. Bi kizee naye akapiga makofi kwa furaha, kwamba kumbe tunapafahamu! Ndiye kapteni mwenyewe, akasema, siku ile ya vita vya Waingereza na Sultani alikuwepo, mizinga ya manowari yake ndiyo iliyolipiga jumba, na katika familia husemwa kwamba kazi yote ilikwisha kabla chai yake ya asubuhi haijapoa. Nikatafsiri. Nikatafsiri yote, na chai, kwa sauti ya mtoto anayesema somo analolijua.

Bibi akakaa. Babu yake mzaa mama alikuwa mpishi katika jumba lile. Hilo nilikuwa nalijua, alishanieleza: asubuhi ile alikuwa jikoni, na baada ya moto hawakupata cha kuzika. Aliweka kikombe polepole, akajifunika kanga vizuri.

"Mwambie chai yake nzuri," akaniambia. "Mwambie miguu inaniuma, napanda juu."

Bi kizee hakujua kitu. Kesho yake alituletea jamu.

Jioni ile ya Idi, baba aliporudi kutoka kazini alimkuta bibi amekaa kitandani hajawasha hata hita. Hakupiga kelele, bibi. Alisema, "Mwanangu, baba yako wamemchukua sina kaburi la kumsomea. Babu yangu sina kaburi. Kilichobaki cha baba yako ni jina, na wewe umelivua ukavaa la mtu huyu. Nakuomba ulirudishe kabla sijafa. Sikuombi jingine."

"Mama, nikiligusa tu wataniuliza la kwanza nililitoa wapi. Watasema nimedanganya. Watatutoa nchini, na kule turudi kwa nani?"

"Sijui. Lirudishe."

"Ngoja tupate karatasi za kudumu, mama. Nakuahidi."

Karatasi zikaja. Ikawa ngoja mtoto amalize skuli. Ikawa ngoja nithibitishwe kazini. Simlaumu baba, alikuwa na hofu ya mtu aliyekwishaona watu wakichukuliwa kwa maswali mawili matatu. Lakini kila mwezi bibi aliuliza, na kila mwezi baba alipata la kumjibu, na mie kila asubuhi mguu wa kwanza, mguu wa pili, sema, sema tena. Nilikuwa nimeshaota ndevu na bado ananipaka.

Kifua kilimshika bibi majira ya baridi. Hospitali wakasema arudi nyumbani, na sisi tukafahamu maana yake. Alasiri moja akamwita baba, akamuuliza, "Umelirudisha?"

Baba akamtazama. "Nimelirudisha, mama."

Wallahi sijawahi kuona uso wa mtu ukitua vile. Akaniita kitandani, akanishika kifundo cha mguu, akasema, "Haya, jina lako sasa. Lisome." Nikalisoma, baba mpaka baba wa saba, sikukosea hata mmoja. Akasema alhamdulillahi. Alikufa siku ya pili yake ameridhika, na baba alitoka nje akakaa kwenye ngazi akajipiga kichwa kwa ngumi mpaka bi kizee akaja akamshika mikono.

Hakulirudisha. Baada ya bibi, alirudishe kwa ajili ya nani? Bi kizee naye akafa, wa mwisho wa damu yake, akatuachia picha zote. Baba akasema ni amana ya mtu aliyetupokea, hazitupwi. Tulipohamia Wembley akazipanga sebuleni. Wageni wetu wa Kizanzibari walikuwa wakimtania, "Bwana, baba mkubwa wako huyo mwenye macho ya buluu?" Naye anacheka kidogo, anakwenda kuchemsha chai.

Wanangu wamekulia chini ya picha hizo. Niliwahi kuwakalisha, nikawaambia nataka turudishe jina la babu yangu, sote. Wanaelewa Kiswahili wale, lakini walinijibu kwa Kiingereza: jina lao ni Hathermoor, vyeti vyao ni Hathermoor, hawajui kuwa mtu mwingine. Hawakunitukana. Walinionea huruma, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

Tumemzika baba mwaka jana. Jiwe limechongwa kama karatasi zake zinavyosema. Mjukuu wangu alisimama mbele ya lile jiwe, akasoma jina kwa sauti, akaniuliza kwa Kiingereza chake kizuri kama yule kapteni naye amezikwa hapa karibu, apite amsalimie. Anawajua wote yule mtoto. Asiye na sikio, askofu, bibi wa waridi, wote. Skuli wamempa zawadi kwa kuwaeleza.

Nikaanza kumwambia. Nikasema, wewe ni mwana wa fulani, mwana wa fulani. Alikuwa amekwishakimbilia garini, kulikuwa na baridi. Nikaendelea peke yangu pale makaburini, na ndipo nilipokwama. Nimekwama mpaka leo. Najaribu asubuhi, najaribu nikiwa kwenye basi, najipaka mafuta ya nazi miguuni mzee mzima kama mwendawazimu, majina hayaji.

Basi nakwambia wewe yaliyobaki. Babu yangu aliyechukuliwa ni Khamis, mwana wa Vuai, mwana wa Haji. Haji alikuwa na baba. Bibi alinitajia jina lake kila siku ya Mungu.