Mbuzi wa Kitambaa

Kinyozi wa pale kona hanyoi huku akibishana. Mazungumzo yakigusa kile kipindi cha runinga cha vikaragosi, chenye mbuzi wa kitambaa, anazima mashine, anaipuliza meno, na mteja anabaki na kichwa nusu kwa nusu. "Hawa wenye kampuni wapya walionunua kipindi wametuulia mbuzi wetu," anasema. "Wa zamani alikuwa na sauti nzito, ya mtu mzima mwenye kikohozi. Huyu wao ni filimbi tupu! Mimi simtazami, ng'o!" Benchi zima la wanaosubiri linaitikia, isipokuwa fundi viatu, ambaye huwatetea wenye kampuni na kuzomewa.

Jana mama mmoja alimleta bintiye mdogo kunyolewa, na mtoto alipoisikia mashine tu akaangua kilio. Kinyozi akajiviringishia taulo mkononi, akafanya vidole mdomo wa mbuzi, akanguruma kwa ile sauti nzito. "Siyo huyo!" mtoto akazidi kulia. Kinyozi akalitupia benchi jicho, kisha akatoa sauti ya filimbi, na vichekesho vyote vya kipindi cha juzi, kimoja baada ya kingine. Mtoto akanyamaza, akainamisha kichwa.

"Si ulisema humtazami?" akauliza fundi viatu.

"Shii," mbuzi akamjibu kwa filimbi ileile, huku mkono wa pili ukinyoa taratibu. "Kuna mtu ananyolewa hapa."