Sanduku Lililojibu Nzuri

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa fundi umeme mdogo mwenye kiburi kikubwa. Nilitoka kijijini Nambis, nikasomea ufundi mjini, nikapangiwa kazi kwenye tambarare za Hanang, kwenye mtambo wa kukausha ngano. Wanawake tulikuwa wawili karakana nzima, na mwenzangu alikuwa mtunza stoo. Kwa hiyo nilitembea nimeinua kidevu, na kila nilipokosolewa nilisikia nimetukanwa.

Mwendesha mtambo alikuwa mzee wa Kibarbaig kutoka Gendabi, aliyevaa shuka lake juu ya ovaroli ya shamba. Shamba lenyewe lilikuwa limekaa juu ya malisho ya baba yake, na alinikumbusha hilo karibu kila wiki, bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Mimi, kwa kuwa ni Mwiraqw, alinitania kwamba kwetu tunalima mpaka mlangoni, ng'ombe anakosa pa kugeukia. Nilimpenda mapema, ingawa nisingekubali kusema.

Mtambo uliongozwa na sanduku lenye kompyuta ndogo ndani yake. Lilisoma joto la ngano, kisha likafungua au kufunga dizeli ya kichomeo. Kwa kuwa kompyuta huweza kuganda, walioitengeneza waliweka pembeni saa inayojitegemea, ambayo kitabu cha maelekezo kiliiita mbwa wa ulinzi. Programu ilitakiwa kumgusa mbwa huyo kila mara kabla muda haujaisha. Asipoguswa anaamini programu imekufa, anakata dizeli na kuliwasha sanduku upya. Muda huo ulipangwa kwa swichi ndogo, na mrefu kuliko yote ulikuwa sekunde mbili.

Sekunde mbili hazikututosha. Umeme wa jenereta letu uliyumba, joto likawa linasomwa mara tatu nne kabla ya kukubalika, na mbwa akawa hana subira. Sanduku lilijizima na kujiwasha kutwa nzima, katikati ya mavuno, meneja ananitazama. Nikapandwa na hasira. Nikaichomoa chipu ya programu, nikaifuta chini ya taa ya zambarau inayofuta chipu za aina hiyo, nikaiandika upya. Kazi ya kumgusa mbwa nikaihamishia kwenye kipande kidogo cha programu kinachoamshwa na saa kila sekunde, kazi kuu iwe inaendelea au haiendelei. Kipande hichohicho nikakipa kazi ya kupepesa taa ya kijani iliyokuwa mlangoni mwa sanduku. Sanduku likatulia, nami nikajiona mhandisi.

Mzee alikuwa na tabia ya kufunga koki ya dizeli kwa mkono kila pua yake iliposhuku jambo. Nikamkataza. Nikamwambia taa ya kijani ikiwa inapepesa, sanduku ni zima, asiguse kitu. Akaniuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwa namna ambayo mama yangu angeisikia angenizaba kofi, na mpaka leo naona aibu.

Wiki mbili baadaye, mchana, ilikuwa zamu yake, na ndani ya mtambo kulikuwa na ngano ya mbegu ya msimu uliofuata. Programu ikaganda kichomeo kikiwa wazi, huku taa ikiendelea kupepesa. Mzee akasikia harufu ya mkate. Akaingiza mkono kwenye ngano, ukaungua, akaitazama taa, akasubiri. Alipoamua kuivunja amri yangu na kufunga koki, mbegu ilikuwa imekwisha kufa. Mimi nilikuwa nimekwenda Katesh kufuata vipuri. Niliporudi walikuwa wameshazima na kuwasha kila kitu, sanduku linafanya kazi vizuri, nikalipima nisione kosa.

Meneja akaamua kwamba mzee alisinzia kazini. Alimsimamisha, akamwambia arudi Jumatatu kuchukua barua ya kufukuzwa. Mzee alijitetea kwa neno moja tu, kwamba alifuata taa. Hakusema ni nani aliyemwambia aifuate.

Jumapili nikaenda Gendabi kumpa pole, nimebeba sukari na majani ya chai. Nilimkuta amekaa nje ya boma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza safari ndefu ya salamu. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Nzuri. Kazi? Nzuri. Akajibu zote bila kukwama, macho yake yako kwingine kabisa. Ndipo akasema polepole:

"Kesho wananifukuza. Wataniita mzee wa usingizi mpaka nakufa."

Sote tunasalimiana hivyo. Hata kama kuna msiba ndani, kwanza ni nzuri, habari yenyewe inakuja baadaye. Mdomo unajibu wenyewe. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai alichonipa mkewe, ndipo nikaelewa. Hicho ndicho nilichokuwa nimemfundisha mbwa wangu kukubali: kipande cha programu kinachojibu nzuri kila sekunde, hata ndani kumesimama. Nikaweka kikombe chini kabla sijanywa, nikaaga vibaya, nikaondoka. Mkewe alidhani chai yake imenichukiza.

Nilirudi mtamboni, nikaigandisha programu kwa makusudi. Taa ikapepesa vizuri tu. Dizeli haikukatwa. Nikakaa sakafuni nikalia, kwa sababu yule mzee alikuwa ameubeba uzembe wangu akaenda nao kwao.

Jumatatu niliingia kwa meneja kabla mzee hajafika. Nilisema ni mimi niliyeiandika upya programu, na ni mimi niliyemkataza kufunga koki. Meneja alinifokea mpaka makarani wakaacha kupiga chapa. Barua ikaandikwa upya, ikawa ya onyo kali, yenye jina langu. Niliipokea kwa mikono miwili.

Kisha nikaiandika tena programu ile, safari hii bila hasira. Usomaji wa joto nikaukatakata uwe hatua fupi. Kila kazi ya kweli ikatakiwa kuacha alama yake ikimalizika, na kazi kuu yenyewe ndiyo ingemgusa mbwa, tena baada ya kuzikuta alama zote. Nikaongeza kitu ambacho hakikuwa kitabuni: kitufe cha chuma, cha kubonyezwa kila robo saa na mtu aliyekwisha kuipima ngano kwa mkono na pua. Kisipobonyezwa, dizeli inakatwa.

Mzee alikitazama sana kile kitufe.

"Kwa hiyo sasa sanduku linanichunga mimi nisilale?"

"Hapana, baba. Linakusubiri wewe uliambie kama ngano ni nzima. Bila wewe haliwashi moto."

Kisha akaniambia nirudie maneno hayo kwa sauti, watu wa ghalani wasikie. Nikarudia.