Mlingoti Uliodaiwa Mvua

Watu wakiniuliza mlingoti wangu ulikwenda wapi, huwa nawaambia uliliwa na kutu. Ni uongo. Kila kiangazi nilikuwa naushusha, nausugua kwa brashi ya waya, napaka rangi, natia grisi kwenye bawaba, na kukaza nyaya zilizolegea. Ungebaki umesimama hata baada ya mimi kuzikwa. Nasema uongo kwa sababu nikianza kueleza ukweli hasira zinanipanda, na mke wangu ameshanikataza kupandisha hasira wakati wa kula.

Sasa hivi sili. Kwa hiyo naeleza.

Nina karakana ya kutengeneza pampu na jenereta hapa Bariadi mjini, na nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya kuongea na wenzangu wenye leseni walioko mbali, bila malipo, kwa kupenda tu. Kijijini wanaiita redio ya upepo. Mjini nilishindwa kuitumia. Nimepanga, ua wenyewe ni wa kugombania na wapangaji wengine, na jirani ana mashine ya kuchomelea ambayo ikiwashwa sisikii kitu ila mkwaruzo. Ndipo nikaamua kupeleka antena nyumbani kwa mama, upande wa Dutwa, alikobaki peke yake tangu baba afariki.

Mama alinionyesha palipokuwa zizi la ng'ombe wa baba. "Weka hapa, baba," aliniambia. "Afadhali pasimame kitu."

Sikukurupuka kuchagua. Nguzo ya mti niliikataa, mchwa wa kwetu wangeimaliza kabla sijaizoea. Mnara wa vyuma vya pembe niliutamani, lakini ule lazima uupande, na magoti yangu si ya kupanda tena. Nikachukua mabomba ya maji, manene chini, membamba juu, nikayaunganisha, na chini kabisa nikaweka bawaba ili mlingoti uweze kulazwa. Udongo wa zizi ni samadi tupu, haushiki kitu, kwa hiyo kila mahali pa kufungia nyaya nilichimba mpaka nikakuta ardhi ngumu ndipo nikamwaga zege. Upepo unaotangulia mvua ya ziwani hauna adabu. Nikateremsha na waya wa shaba mpaka chini, kwa ajili ya radi.

Kuusimamisha nilikiita kikundi cha kulima. Kwetu ukiwa na kazi inayokushinda unawaita, wanakuja na nyimbo zao za jembe, wanakufanyia, unawalisha. Walivuta kamba wakiimba, mlingoti ukainuka polepole mpaka ukasimama wima, wanawake wakapiga vigelegele. Wakala mbuzi wangu mpaka supu. Naomba hilo likumbukwe, kwamba waliousimamisha ni wao wenyewe.

Halafu ukaja msimu ambao vuli iligoma. Pamba iliota ikajikunja, mahindi yakawa njano yangali mafupi. Niliwahurumia, mimi pia nimelelewa na jembe. Lakini maneno yakaanza kisimani: wingu linatoka vizuri ziwani, likifika kwenye chuma cha fundi wa redio linatawanyika. Chuma kinafunga mvua.

Sasa, pale Dutwa pana mnara wa simu. Ni mrefu kuliko wangu mara nyingi, na una taa nyekundu inayoonekana mpaka huko mbugani. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuudai mvua. Ule unawaletea pesa kwenye simu, tena una uzio na mlinzi. Wangu ulikuwa na mama mzee na kuku wake.

Mwenyekiti wa kitongoji akaniita kwenye kikao, pale kwenye ghala la pamba. Nilikwenda na utulivu wangu wote. "Mwangaluka," niliwaamkia. Wakaitikia kwa shida.

"Ndugu yetu, hatuna ugomvi na wewe," mwenyekiti akasema. "Watu wanauliza tu. Hicho chuma kina shughuli gani na mawingu?"

Nikaeleza. Nikasema chuma kinashikilia waya, waya unapokea sauti na kutuma sauti, basi. Nikaona bado nyuso zimekunjwa. Nikataka kuwatia moyo, nikasema, "Tena mvua iko njiani. Asubuhi hii nimeongea na mwenzangu wa Bukoba, ananiambia jana imenyesha kwao mpaka mitaro imefurika. Itavuka ziwa. Subirini siku chache tu."

Nikadhani nimewatuliza.

"Kumbe anajua ilipo," akasema mama mmoja. Huyo mama ndiye aliyechota maji ya kupikia yule mbuzi.

"Anaongea na wenye nayo," akadakia mwingine.

"Aulizwe, kwa nini ameiweka Bukoba?"

Nilisimama nikawafokea. Niliwaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja. Nilikuwa bado nafoka pale mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliponishika mkono akaniketisha.

"Mwanangu, wewe kesho unarudi mjini," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mayu anabaki. Na macho yake siku hizi yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Umeliona hilo?"

Mayu ni mama. Na sikuhitaji maelezo zaidi. Kwetu macho mekundu ndiyo alama ya mchawi, na bibi mwenye nayo akishaanza kutajwa kwenye habari za mvua iliyopotea, kinachofuata ni watu wenye mapanga. Nimehudhuria mazishi ya namna hiyo. Hasira yangu yote ikageuka woga, pale pale nilipoketi.

Niliushusha kesho yake. Kikundi kilekile kikaja, kamba zilezile, nyimbo zilezile za jembe. Nililegeza nyaya mimi mwenyewe. Mama alisimama mlangoni pa jiko lake akitazama.

Mvua ikanyesha kesho yake. Bila shaka ilinyesha! Ilikuwa inatoka Bukoba, nilikwishawaambia! Nilikaa karakanani nikiisikiliza kwenye bati, nikaitukana mvua, mimi mtoto wa mkulima.

Nilipokwenda tena kwa mama, mashamba yalikuwa ya kijani. Mlangoni kwake palikuwa na vikapu vya viazi na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi za majirani. Akapita mama mmoja wa rika lake, aliyelima naye tangu ujana. Akapiga magoti njiani kumwamkia, akainuka, akaenda zake haraka.

"Baba, hawa watu nimewafanya nini?" mama akaniuliza. "Huyu alikuwa anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria zangu. Sasa wote wanaishia mlangoni."

Nilitaka kumtoa kwenye midomo yao, na kwa kulegeza zile nyaya nikawa nimewapa uthibitisho walioutaka, kwamba mvua iko mikononi mwetu. Mwenyekiti alinikuta barabarani na baiskeli yake, akanishukuru kwa moyo mweupe kabisa. "Mwakani," akasema, "usitucheleweshee."

Nimemwomba mama ahamie kwangu mjini. Hataki, anasema hawezi kuliacha kaburi la baba. Mabomba yamelala nyuma ya nyumba yake. Mimi sina shamba hata la mchicha, lakini ikifika Novemba hakuna mkulima Simiyu nzima anayeiomba mvua kama ninavyoiomba mimi.