Kadi za Karanga

Msinicheke. Nilisomea kompyuta chuoni Lubumbashi karibu miaka yote bila kuigusa kompyuta. Tulichora mashine ubaoni, tukaikariri kama katekisimu. Mwaka wa mwisho ndipo nikapewa nafasi: programu yangu ingepitishwa mara moja tu, Ijumaa, kwenye mashine ya kampuni ya madini, kwetu Likasi. Ikikubali, nimefaulu. Ikikataa, nimefukuzwa, maana nilikuwa nimekwisha kurudia mwaka.

Programu yenyewe ilikuwa rundo la kadi ngumu zenye matundu, kila kadi mstari mmoja. Alhamisi, nyumbani kwa mama, nikaliweka rundo juu ya kabati, nikaenda kuoga.

Sasa, Likasi nzima ilizijua kadi hizo. Kampuni ilitupa zilizokwisha tumika kwa magunia, na kina mama wa soko walizikunja wakafungia karanga. Mama yangu aliuza karanga. Niliporudi chumbani rundo halikuwepo, na yeye alikwisha kwenda sokoni.

Nilikimbia taulo likiwa begani.

"Mama, kadi zangu!"

"Zile za juu ya kabati? Njo hizi nafungia karanga, mwana yangu. Nilizania ni za kutupa."

Niliona giza. Nikawaangukia wateja mmoja mmoja, nikiwamiminia karanga viganjani, wengine wakiniita mwizi. Nyumbani mama alizinyoosha kadi kwa pasi ya makaa huku akilia, mimi nikazipanga upya. Zilipatikana zote, na hilo ndilo lililonipa wazimu wa kutumaini.

Ijumaa fundi akaziingiza. Mashine ikameza chache, ikakwama. Akachomoa moja, akainusa.

"Citoyen," akasema, maana siku hizo sote tuliitwa raia, "hii iko na mafuta. Machine haitaki mafuta."

Nikamsihi ajaribu tena. Akanirudishia rundo mikononi, akamwita aliyenifuata.

Sikumficha mama. Kesho yake asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani akatoka, nami nyuma yake nikimwomba arudi. Kwenye geti la kampuni akapiga magoti vumbini mbele ya mlinzi, akapiga makofi taratibu, kama tunavyoomba msamaha kwetu.

"Papa, unipeleke kwa ile machine. Niiambie ni miye njo niliharibisha. Mutoto haiko na kosa."

Mlinzi hakucheka. Laiti angecheka. Alitazama pembeni, akasema leo Jumamosi ofisi zimefungwa, mama ainuke.

Mama hakuinuka.