Njegere za Bibokoboko Zisizopikwa Baraka

Soko la mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, halijachangamka bado, lakini Florentine ameshainama juu ya sufuria yake. Moshi unamwingia machoni, naye wala haujali. Njegere mbichi zinachemka pamoja na vitunguu na majani ya seleri, mfuniko umewekwa kando. Ukifunika, anasema, rangi inakufa, na nani atanunua supu ya njegere iliyopauka?

Zikilainika anaziponda kwa mwiko, ila si zote. Nyingine anaziacha nzima ili mnywaji apate cha kutafuna. Anamalizia kwa chumvi na mawese kidogo. Bakuli ni faranga elfu moja, na siku njema sufuria huwa tupu kabla ya adhuhuri.

Wanaonyonyesha ndio wa kwanza kufika. Zainabu, ambaye mumewe ana boti ziwani, hunywa bakuli mbili kisha hudai la kubeba. Placide, muuguzi wa kituo cha afya cha jirani, huwaambia wajawazito kwamba njegere zinajenga mwili, zina madini ya chuma kwa ajili ya damu, na zinasaidia choo. Huwakumbusha pia kwamba supu haichukui nafasi ya vidonge alivyowapa.

Asiyeisifu supu hiyo ni mpishi peke yake.

"Supu iko muzuri, lakini haiko sawa na ya kwetu," anasema Florentine. Njegere za sokoni huletwa kwa pikipiki kutoka upande wa Uvira, na zikifika zimeshachoka na jua la njiani.

Kwao ni Bibokoboko, milimani. Vita vilimteremsha miaka mitatu iliyopita, mjane mwenye binti mmoja, Vanessa, na mbegu za njegere alizozifunga kwenye pindo la kitenge. Vyombo vyote vilibaki.

"Kule juu, asubuhi baridi inakuuma. Unaingia mu shamba, unavunja petipwa, ile njegere yetu, na umande yake. Mi nikilala, naota ile umande."

Hamu hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka wa kwanza alipanda nusu ya mbegu nyuma ya nyumba aliyopanga. Majani yalinawiri, majirani wakampongeza, naye akajiona yuko nyumbani. Kisha joto la ziwani likaangusha maua yote. Hakuvuna hata ganda moja.

Zilizobaki zinatosha bakuli moja tu. Na katika ukoo wao, mzazi akishajifungua, supu yake ya kwanza hutoka kwenye njegere za shamba la mama yake. Vanessa ni mjamzito, yuko mwezi wa mwisho. Lakini mbegu nazo zinazeeka: zisipopandwa mvua zijazo, huenda zisiote tena.

Florentine aliamua kupika. Mila ni mila, na binti ni huyo mmoja. Wiki iliyopita alizichambua kwenye sahani ziwe tayari kwa siku ya kujifungua, akaenda kuchota maji ya kuziosha. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu. Vanessa alikuwa ameshazifunga tena kwenye kitenge.

"Mama, usipike izi," alimwambia. "Mi nitakunywa za soko. Izi ni za mutoto."

Florentine hafichi kwamba alilia. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hawakusema ni lini. Wanawake wenzake waliotoka milimani wamekubaliana kupanda pamoja njia ikitulia, kabla ya mvua, hata kama ni kulima na kushuka tena. Zainabu ameshaagiza gunia lake la njegere, kana kwamba shamba liko hapo uani.

Supu ya kuuza imekwisha. Florentine anakwangua ukoko, anampelekea Vanessa bakuli alilomtengea la supu ya njegere za sokoni, na anasimama hadi alimalize.

"Tutapanda," anasema, huku akigusa fundo la kitenge. "Huyu mutoto akianza kula, supu yake ya kwanza itatoka kule kwetu. Mama yake atakunywa ya pili."